Kizibao cha Nusu Mchana, Nusu Usiku

Ukitaka kuujua ubaya wa mwezi wa kumi na mbili, poteza kazi tarehe mbili. Hapo ndipo utakapogundua kwamba mji mzima unaweza kusema neno moja kwa mdomo mmoja, na neno lenyewe ni "mwakani".

Mwanamke tunayemzungumzia hapa aliipoteza kazi yake tarehe mbili, saa nne asubuhi, mkasi ukiwa bado mkononi. Kiwandani walimwita Chaki, na jina lilimfuata mpaka mtaani. Aliitwa hivyo kwa sababu kucha zake zilikuwa nyeupe siku zote, na pia kwa sababu alikuwa mtu wa kuchora mstari wake na kunyamaza. Miaka ishirini na miwili alisimama mbele ya meza ya kukatia nguo, akikata sare za wauguzi, za walinzi, za wanafunzi, za wahudumu wa hoteli. Anayevaa sare hajui kama kuna mtu aliyekata. Nguo ikimkaa vizuri, humsifu aliyeshona. Chaki hakulalamikia hilo. Alikuwa mpole, mwenye subira, mchapakazi, na alikuwa na ila moja tu: hakuwa mtu wa kusahau.

Kukata alifundishwa na shangazi yake, mwanamke mkali aliyeshona sare za shule katika chumba ambacho usiku kilikuwa cha kulala na mchana karakana. Shangazi alikuwa na kanuni zake, na mojawapo ilihusu alama. Mkataji akimaliza kipande, huweka alama ukingoni, ili mshonaji ajue kipande hiki kinakutana wapi na kile. Wengi huchanja chale ndogo kuelekea ndani, chap, kazi imekwisha. Shangazi hakutaka kuisikia chale. "Chale inakula nguo," alikuwa akisema. "Mwenye nguo akinenepa, utapata wapi pa kuachia mshono?" Yeye aliacha jino, yaani pembetatu ndogo iliyochomoza nje kama jino la kwanza la mtoto. Jino huchukua muda, maana mkasi lazima usimame, upande, ushuke. Chaki aliacha meno kwenye kila kipande alichokata maishani mwake. Nguo ikishonwa, meno hayo hufichwa ndani ya bitana na hakuna ayaonaye mpaka siku mtu afumue.

Msimamizi wake alikuwa Bi Futi. Aliitwa hivyo kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake, ijapokuwa hakuna aliyewahi kumwona akipima kitu. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa mikono na wa maneno, mtu wa kukuita "mpenzi" huku akikuongezea kazi. Kwa miaka tisa alimcheka Chaki kwa meno yake.

Mwezi wa kumi na moja hoteli kubwa ya mjini iliagiza vizibao sitini vya mahameli kwa ajili ya wahudumu wake, viwe tayari kabla ya msimu wa sherehe. Mahameli ni kitambaa chenye kiburi. Vinyweleo vyake hulala upande mmoja. Ukikipapasa kwenda chini, mkono huteleza na rangi hung'aa, lakini ukikipapasa kwenda juu, kinakwaruza na rangi inakuwa nzito kama wino. Kwa hiyo mkataji hupanga vipande vyote vikitazama upande mmoja, hata kama jora litapungua. Akivipanga kichwa kwa miguu ili kubana kitambaa, nguo itatoka na rangi mbili. Mezani, chini ya taa hafifu za kiwandani, huoni kitu. Utaona siku nguo imevaliwa mahali penye mwanga.

Wiki ile ile mama yake Chaki alipangiwa kupasuliwa jicho. Chaki akaenda kuomba ruhusa ya siku mbili.

"Nenda tu, mpenzi. Mama ni mama," alisema Bi Futi. "Siku zako za likizo usizipoteze. Nitakuwekea alama kwenye daftari la mahudhurio kama vile upo."

"Na mahameli?"

"Mahameli itakusubiri. Ina miguu?"

Haikumsubiri. Hoteli walipiga simu wakitaka mzigo wao mapema, na Bi Futi, aliyekuwa ameagiza jora fupi kuliko ilivyotakiwa, aliushika mkasi mwenyewe. Chaki aliporudi, vizibao vilikuwa vimeshashonwa, vimepigwa pasi na kufungwa. Alipongeza. Kumbukumbu hiyo ya kupongeza ilikuja kumuuma kuliko mengine yote.

Tarehe mbili mzee mwenye kiwanda aliingia na barua ya hoteli. Kila mhudumu, barua ilisema, alionekana kama amevaa vizibao viwili vilivyogombana. Mzee akauliza nani alikata. Bi Futi alilifungua tu daftari la mahudhurio na kuliweka mezani. Siku zote mbili, mbele ya jina la Chaki, kulikuwa na alama ya kuwepo. Alama iliyowekwa kwa wema ikawa kitanzi.

"Mzee, sikuwepo," alisema Chaki. "Fumua kizibao kimoja tu, uangalie alama za ndani."

Mzee alikuwa anafunga mkoba wake. "Vizibao viko hotelini, vimevaliwa. Unataka nikawavue watu nguo msimu huu?"

Bi Futi alimsindikiza mpaka mlangoni, mkono begani kama mtu anayemsindikiza mfiwa. "Usiwaze sana, mpenzi. Kapumzike. Mambo yakitulia tutakupigia baada ya sikukuu."

*

Chaki aliishi na mama yake na mdogo wake wa kike, msusi, aliyekuwa amegeuza sebule kuwa saluni. Ndani ya nyumba ile mtu hakuweza kuhuzunika kwa faragha. Ukilia jikoni, wateja watatu walitaka kujua sababu.

Basi hakulia. Aliandika barua kumi na nne kwa mkono, akazitia kwenye bahasha, akaanza kuzunguka viwanda na karakana za mji. Ofisi nyingi zilikuwa zimeshafunga, au zilikuwa wazi kwa mwili tu, roho zikiwa likizoni. Katibu mmoja alimpokea akiwa amevaa kofia ya karatasi ya sherehe na akasahau kuivua. Mlinzi wa kiwanda cha mashati aliipokea bahasha, akaigeuza, akaanza kujipepea nayo.

"Bosi atarudi lini?" Chaki aliuliza.

"Mwakani, mama. Lakini usijali, itamfika." Akaendelea kujipepea.

Kwingine walimwambia watampigia baada ya sikukuu. Alilisikia neno hilo mara saba, kila mara kwa tabasamu, na kila mara alimwona Bi Futi amesimama mlangoni, mkono umewekwa begani mwake.

Mara ya nane ndiyo iliyombadilisha. Mkuu wa karakana moja ya makoti, mtu muungwana, alimfuata mpaka nje ya geti.

"Dada, sipendi uendelee kusubiri simu yangu," alisema. "Nilimuuliza msimamizi wako wa zamani. Hakukusema vibaya. Alisema wewe ni fundi, hana neno. Kisha akaniuliza kama huku tunashona mahameli. Akacheka."

"Akacheka?"

"Akacheka sana."

Chaki alirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima alikisikiliza kicheko ambacho hakuwepo kilipochekwa. Kufukuzwa angeweza kukumeza, kwa sababu mtu akiogopa hujificha nyuma ya aliye karibu, na yeye alikuwa karibu. Lakini kumfukuza mtu, kisha kusimama kwenye kila geti la mji ukimcheka, hilo halikuwa woga tena. Ilikuwa raha. Mpaka anafika nyumbani alikuwa anatafuta vitu viwili, si kimoja. Kazi aliitaka bado. Lakini zaidi ya kazi alitaka Bi Futi atazamwe, japo kwa saa moja, kama alivyotazamwa yeye.

Tangu siku hiyo alikaa kimya jikoni akikata magazeti ya zamani. Alikata migongo, mikono, kola, kila kipande na meno yake. Mama yake, jicho moja likiwa limefungwa bandeji, alimtazama kwa lile jingine.

"Huyo unayemkata hapo," mama aliuliza, "namjua?"

"Unamjua."

"Haya. Usimpinde."

*

Habari ililetwa na mdogo wake, kama kawaida, kutoka kichwani mwa mteja.

"Weka chini hiyo mikasi yako unisikilize," alisema. "Wewe unatafuta kazi kwa bahasha. Mwezi huu kazi haitafutwi kwa bahasha, inatafutwa kwa sahani. Wakubwa wote wako kwenye sherehe, wanakula. Waendee huko huko. Juzi nimemsuka Mama Mashine Arobaini."

Mama Mashine Arobaini alikuwa mshonaji wa zamani aliyejijenga mpaka akawa na kiwanda. Jina alilipata mwaka huo, aliponunua mashine mpya arobaini kwa mpigo. Kiwanda kilikuwa kifunguliwe mwezi wa kwanza.

"Anatafuta mkuu wa meza ya kukatia," mdogo mtu aliendelea. "Na unajua nani anamzengea? Bi Futi wako. Amechoka kwa mzee. Kila siku anampigia simu, mama hujambo, mama umeamkaje, mama umekula. Sasa Jumamosi chama cha wenye viwanda vya nguo kina chakula cha mchana cha kufunga mwaka. Mama Mashine kanipa kadi ya watu wawili. Ni kwenye ile hoteli kubwa."

Chaki aliinua uso. "Hoteli gani?"

"Kuna ngapi? Ile ile."

"Wahudumu watakuwa wamevaa nini?"

"Dada yangu, mimi nakuambia habari za kazi, wewe unaniuliza habari za wahudumu! Nitajuaje wanavaa nini?"

"Mahameli," alisema Chaki polepole. "Wanavaa mahameli."

Mdogo wake alimfundisha kwa siku tatu namna ya kujuana na watu. Usianze na shida yako. Salimia, sifia, cheka. Ukiulizwa unafanya nini siku hizi, usiseme umefukuzwa, sema unapumzika.

"Napumzika nini?"

"Kazi! Haya cheka kidogo tuone. Hapana. Hapana, dada, hivyo unatisha."

Jumamosi asubuhi Chaki alivaa gauni lake la kijivu alilolikata mwenyewe. Katika mkoba alitia leso, kalamu, na kisu kidogo cha kufumulia nyuzi, kile chenye ncha iliyopinda.

*

Ukumbi ulikuwa wa madirisha marefu, na juu yake taa za vioo ziliwashwa saa sita mchana. Chini ya taa hizo walipita wahudumu na sinia zao, kila mmoja akiwa na kifua cha rangi mbili. Upande wa kulia uling'aa, wa kushoto ulikuwa kizani. Wageni walikuwa wanapeana kadi na kupigana mabega, wakigusana viwiko kila mhudumu alipopita. Wote walikuwa watu wa nguo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kosa.

Chaki alisimama karibu na nguzo na kuwatazama. Alikuwa amesikia habari za vizibao hivyo kwa wiki tatu lakini hakuwa ameviona. Aliona jinsi wanaume wazima walivyobeba sinia juu kidogo kuliko kawaida, ili kujifunika. Ndani ya hasira yake pakaingia kitu kama huruma, na hasira haikupungua. Iliongezeka.

Mhudumu mmoja mrefu, mwenye mvi za kwanza kidevuni, alimletea glasi ya maji. Alimwona Chaki anavyomkodolea kifua.

"Usishangae, mama. Hapa tunaitwa nusu mchana, nusu usiku. Jana mgeni mmoja kaniuliza kama nimeoga upande mmoja."

"Pole, kaka. Mimi ni fundi. Nitakukatia kingine cha rangi moja, kikukae kama ngozi yako. Lakini nikikuita, unipe hicho ulichovaa kwa dakika tano."

"Dakika tano? Mama, kwa ahadi hiyo kichukue mpaka mwakani."

Mama Mashine Arobaini alikuwa ameketi meza ya katikati, mwanamke mnene, mtulivu, miwani ikining'inia kifuani. Kulia kwake alikaa Bi Futi, futi shingoni hata siku ya sherehe, akimchagulia vipande vya nyama. Chaki alisogea. Uso wake ulikuwa ule ule wa kuchora mstari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Ala! Chaki!" Bi Futi alipiga makofi. "Nani kakuleta huku, mpenzi?"

"Miguu."

"Mama, huyu alikuwa fundi wetu." Bi Futi aliinama kama anayenong'ona, ila kwa sauti ya kufika meza ya tatu. "Hayo mapambo unayoyaona yakipita na sinia ni kazi ya mkono wake."

Meza ilicheka. Chaki alikisikia hatimaye kicheko chenyewe, kile cha getini. Kilikuwa chembamba kuliko alivyokidhania. Alivuta kiti akaketi.

"Ni kweli nilikuwa chini yake," alimwambia Mama Mashine Arobaini. "Nimekuja kumsifia. Katika mji huu hakuna anayeweka alama haraka kama dada huyu."

Bi Futi alimtazama kwa shaka. Lakini sifa ni sifa, na mbele ya mwenye kiwanda ni dhambi kuiacha ianguke chini.

"Hapo amesema kweli, mama. Kwenye meza yangu hakuna kudekeza kitambaa. Chale moja ndani, chap, twende kazi. Huyu mwenzangu alikuwa anaacha vimeno vya pembetatu, utadhani panya katafuna hapo. Nimemkataza miaka tisa, hasikii."

"Wewe hujawahi kuacha jino hata siku moja?" Chaki aliuliza kwa upole.

"Mimi? Nife kwanza."

"Na mimi hujawahi kuniona nikichanja chale?"

"Wewe? Bora ukatwe kidole!"

Watu walicheka tena. Chaki naye alicheka, na safari hii mdogo wake, aliyekuwa meza ya pili akijifanya anakula, aliona kwamba dada yake anajua kucheka. Kisha Chaki aliinua mkono. Mhudumu mrefu alikuja, akaweka sinia chini, akavua kizibao mbele ya watu wote kama mtu anayetua mzigo.

Chaki alisogeza sahani mbili, akakilaza kizibao kifudifudi juu ya kitambaa cheupe cha meza, akatoa kisu chake.

"Unafanya nini wewe? Watu wanakula!" alisema Bi Futi.

Chaki alifumua bitana kuanzia pindo kwenda ubavuni, uzi mmoja mmoja, bila papara, kiasi cha shibiri moja. Mama Mashine Arobaini aliacha kutafuna. Alifuta vidole, akavaa miwani, akainama. Huyo alikuwa amekaa kwenye cherehani miaka thelathini, na hakuna mtu aliyehitaji kumwambia aangalie wapi. Alifunua bitana mwenyewe, akapitisha kidole ukingoni mwa mahameli.

"Chale," alisema. Akasogeza kidole. "Chale." Akageuza upande wa pili. "Na hapa chale. Kimekatwa kichwa kwa miguu, na chote ni chale tupu."

"Alama ni alama tu," Bi Futi alianza. "Labda siku hiyo alikuwa na haraka, mtu akiwa na haraka..."

"Umesema bora akatwe kidole," alisema Mama Mashine Arobaini, bila kuinua macho. Kisha akavua miwani na kumgeukia Chaki. "Sare za wauguzi wa hospitali kuu, miaka mitatu iliyopita. Nani alikata?"

"Mimi, mama."

"Nilizifumua tatu." Alilisema bila aibu, kwa sababu katika biashara ya nguo kila mtu hufumua kazi ya mwenzake. "Nilitaka kujua kwa nini zinawakaa vile. Nikakuta meno. Nimeuliza mji mzima nani anakata meno, hakuna aliyeniambia. Nilimuuliza hata huyu." Alimwelekeza Bi Futi kwa kidevu. "Akaniambia hamjui."

Chaki angeweza kuishia hapo. Kazi ilikuwa imeshapatikana, aliiona machoni mwa yule mama. Mtu mwema angekunja kizibao na kwenda zake. Lakini meza ya jirani alikuwa ameketi mzee mwenye kiwanda, uma mkononi, shingo imegeuka, na Chaki aliinuka na kizibao chake mpaka mbele yake.

"Kwa nini hukuniambia?" mzee aliuliza, baada ya kuangalia.

"Nilikuambia, mzee. Ulikuwa unafunga mkoba." Akapandisha sauti, yeye ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumsikia kutoka upande wa pili wa meza. "Sasa muulize dada nani aliniwekea alama kwenye daftari lako siku mbili nilizokuwa hospitali na mama. Na muulize ni mara ngapi ameliandika daftari hilo anavyotaka."

Mzee alimtazama Bi Futi, naye akashika futi yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kamba ya kisima.

Lakini si mzee aliyemlipia Chaki kisasi. Waliomlipia ni wahudumu. Yule mrefu alirudi jikoni akiwa na shati tupu, akawaambia wenzake ni nani aliyewakatia vizibao, na kuanzia hapo walianza kupita. Mmoja mmoja, sinia begani, kifua mbele, walipita karibu na kiti cha Bi Futi na kupunguza mwendo. Walimtazama tu. Alipoomba maji, walikuja watu watatu kumletea, mmoja glasi, mmoja jagi, mmoja leso, wote nusu mchana nusu usiku. Aliondoka kabla ya hotuba.

Nyumbani mama alikuwa anasubiri mlangoni na jicho lake moja.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Na yule? Alilia?"

"Hakulia."

"Basi hujamaliza," mama alisema, akaingia ndani.

*

Kiwanda kipya kilifunguliwa wiki ya pili ya mwezi wa kwanza. Chaki alipewa meza ndefu kuliko ile ya zamani, wasaidizi wawili, na msumari ukutani wa kutundikia anachotaka. Wengine wangetundika kalenda. Yeye alitundika kizibao. Mhudumu mrefu alikuwa amepata chake kipya, cha rangi moja, na aliagana na kile cha zamani bila machozi. Kilining'inia penye mwanga wa dirisha, na kila aliyekuja kuomba kazi ya kukata aliulizwa kina kasoro gani. Waliojua walipewa mkasi.

Siku ya Alhamisi mlinzi aliingiza mwanamke mwenye bahasha. Mzee mwenye kiwanda alikuwa amemwachisha kazi alipofungua tu baada ya likizo, zaidi kwa sababu ya daftari kuliko mahameli. Shingo yake ilikuwa tupu, na bila futi ilionekana ndefu na ya kizee. Chaki alimwonyesha benchi lililo mkabala na ukuta wenye kizibao, akaendelea kukata. Alikata mgongo mmoja, kisha wa pili. Hakuwa na haraka. Kila alipoinua macho alimwona Bi Futi anatafuta mahali pengine pa kutazama, na chumba kile hakikuwa na mahali pengine.

"Mdogo wangu," Bi Futi alisema mwishowe. Miaka tisa hakuwahi kumwita hivyo. "Yaliyopita yamepita. Nasikia una nafasi mbili mezani. Hata ya kutandaza vitambaa, nitafanya."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Chaki aliyatazama sawasawa, kama anavyotazama ukingo wa nguo kabla ya kuukata, ili ampelekee mama yake habari kamili. Alitafuta moyoni kama kuna huruma yoyote. Ilikuwepo, ndogo, na aliiacha ikae ilipokuwa.

"Nimepokea barua yako, dada," alisema. "Tutakupigia baada ya sikukuu."

"Sikukuu zimekwisha, Chaki."

"Zitakuja nyingine."

Bi Futi aliinuka, akatoka. Mlinzi alisikika akimfungulia geti na kumtakia mwaka mwema.

Bahasha ilibaki ukingoni mwa meza. Chaki hakuifungua. Meza ile mpya ilikuwa inayumba tangu Jumatatu, mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo kuliko mingine, na mkasi ukipita ulikuwa unatetema. Aliikunja bahasha mara nne, akapiga magoti, akaisukuma chini ya mguu ule. Akainuka, akaijaribu meza kwa viganja vyote viwili.

Ilitulia. Akachukua chaki.